Jinsi ya Kuunda Modeli ya Hisabati ya Moyo na Pumzi kwa Jedwali la Kompyuta

Kila aliyesoma baiolojia ya sekondari anajua kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga takriban mara 72 kwa dakika, kwamba presha yake huwa karibu na 120 kwa 80, na kwamba huvuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ambacho vitabu vingi havielezi ni kwa nini namba hizo ziko hivyo, na nini kingetokea iwapo mojawapo ingebadilika huku nyingine zikibaki zilivyo. Mwili wenyewe haukubali kufanyiwa jaribio la namna hiyo, kwa sababu ukigusa kitu kimoja vingine kumi hujirekebisha. Modeli ya hisabati inakubali.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita, mwanafunzi wa uuguzi au utabibu, na mwalimu wa somo lolote kati ya hisabati, fizikia na baiolojia. Hauhitaji zaidi ya aljebra ya kawaida na programu ya majedwali kama Excel. Namba zitakazotumika ni za mtu mzima wa wastani aliyepumzika, na matokeo yake ni ya kujifunzia, wala hayawezi kutumiwa kumpima au kumtibu mgonjwa yeyote.

Swali kwanza, mlinganyo baadaye

Kosa la kawaida la anayeanza ni kutaka kuingiza mwili mzima ndani ya modeli. Modeli yenye vigezo hamsini inaweza kuigiza chochote, na kwa hiyo haielezi kitu. Anza na swali moja linaloweza kujibiwa kwa namba. Hapa tuanze na hili: moyo husukuma damu kwa vipindi, unajikaza na kulegea, na wakati umelegea hakuna damu inayotoka kwenda kwenye aota, ateri kuu inayoanzia moyoni, mbona basi presha haishuki hadi sifuri kati ya pigo na pigo?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1733, pale Stephen Hales, kasisi wa Uingereza aliyekuwa na shauku kubwa ya vipimo, alipochapisha taarifa ya jaribio alilomfanyia farasi. Aliingiza mrija ndani ya ateri ya mnyama huyo, akauunganisha na bomba refu la kioo, na damu ikapanda hadi kimo cha takriban mita 2.5. Ukizingatia kwamba zebaki ni nzito kuliko damu karibu mara 13, kimo hicho ni sawa na milimita 195 hivi za zebaki, ambazo kuanzia hapa tutaziandika mmHg. Hales aliona pia kwamba damu ile ilipanda na kushuka kwa kila pigo bila kurudi chini kabisa, na akazifananisha ateri na chumba cha hewa kilichokuwa kikifungwa kwenye pampu za kuzimia moto za zama zake: mpini husukumwa kwa vishindo, lakini hewa iliyobanwa ndani ya chumba huendelea kuyasukuma maji mpini unaporudi nyuma, na mkondo unaotoka mbele haukatiki. Mwaka 1899 Mjerumani Otto Frank aliliweka wazo hilo katika mlinganyo ambao bado unafundishwa vyuoni.

Mlinganyo huo ni hesabu ya akiba tu. Damu inayoingia ndani ya ateri kubwa, ukitoa damu inayotoka kuelekea kwenye kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, ni damu inayobaki na kuzitanua kuta za ateri. Hapa tunahitaji vigezo viwili. Cha kwanza ni ukinzani, R, unaoonyesha ugumu wa damu kupita kwenye mishipa midogo. Mtiririko unaotoka ni shinikizo P likigawanywa kwa R. Cha pili ni unyumbufu, C, yaani mililita ngapi za damu zinaweza kuongezeka ndani ya ateri kwa kila mmHg moja ya shinikizo. Kwa hiyo, katika kipande kidogo cha muda, badiliko la shinikizo ni kipande hicho cha muda mara (mtiririko unaoingia toa P/R), gawanya kwa C.

Namba za kuanzia usizibuni. Zitoe kwenye vitu vinavyopimika. Pigo moja hutoa takriban mililita 70. Mapigo 72 kwa dakika yanatoa lita 5 kwa dakika, au mililita 84 kwa sekunde. Shinikizo la wastani ni karibu mmHg 93, hivyo R ni 93 gawanya kwa 84, yaani 1.1. Kwa C tumia 1.5, thamani inayokaribiana na ya mtu mzima mwenye ateri laini. Ukizidisha R na C unapata sekunde 1.65, nayo ni namba ya kuizingatia sana: inaonyesha ni muda gani shinikizo lingechukua kushuka hadi kufikia asilimia 37 ya lilivyokuwa, kama moyo ungesimama ghafla. Pigo zima huchukua sekunde 0.83. Kwa kuwa 0.83 ni ndogo kuliko 1.65, pigo lijalo hulikuta shinikizo bado liko juu, na jibu la swali letu limeshapatikana kabla hata ya kuwasha kompyuta.

Kuunda jedwali

Fungua jedwali jipya. Katika kisanduku F1 andika 1.1 (ukinzani), katika F2 andika 1.5 (unyumbufu), na katika F3 andika 233, ambayo ni mililita 70 zikigawanywa kwa sekunde 0.3 ambazo moyo unatumia kujikaza. Mstari wa kwanza wa safuwima A hadi D uachie majina: hatua, muda, mtiririko, shinikizo. Kisha jaza hivi:

A2: 0
A3: =A2+1
B2: =A2*0.01
C2: =IF(MOD(A2,83)<30,$F$3,0)
D2: 80
D3: =D2+0.01*(C2-D2/$F$1)/$F$2

Buruta fomula hizo kwenda chini hadi mstari wa 1500 hivi, yaani sekunde 15, kisha chora grafu ya safuwima D dhidi ya B. Fomula ya safuwima C inasema kwamba katika kila hatua 83, yaani sekunde 0.83, damu huingia katika hatua 30 za mwanzo na kukoma katika zilizobaki. Wasomaji wa Kongo na Burundi ambao kompyuta zao zimepangwa kwa Kifaransa watalazimika kuandika SI badala ya IF, kutenganisha sehemu za fomula kwa nukta mkato, na kutumia mkato mahali pa nukta ya desimali. Wengi hukwama hapo wakidhani wamekosea hesabu.

Grafu itaonyesha shinikizo likipanda hadi takriban 108 na kushuka hadi takriban 78, tena na tena. Si 120 kwa 80 kamili, lakini kwa modeli yenye vigezo viwili tu ni karibu mno. Sasa badilisha D2 iwe 0. Mistari ya mwanzo itakuwa tofauti kabisa, lakini baada ya sekunde 8 hivi grafu inarudi palepale, 108 kwa 78. Jaribio hili dogo usiliruke kamwe. Linakuhakikishia kwamba matokeo unayoyaona yanatokana na vigezo vya modeli, si mahali ulipochagua kuanzia.

Thamani ya kazi yote iko katika hatua inayofuata, nayo ni kubadilisha kigezo kimoja na kuviacha vingine. Punguza unyumbufu kutoka 1.5 hadi 0.75, kama ateri zinavyokakamaa uzeeni. Presha ya juu inapanda hadi karibu 123 na ya chini inashuka hadi karibu 65, ilhali wastani haujasogea. Rudisha 1.5, kisha ongeza ukinzani kutoka 1.1 hadi 1.5, kama mishipa midogo inavyobana. Safari hii zote mbili zinapanda pamoja, hadi karibu 141 kwa 112. Ni magonjwa mawili tofauti ambayo mtaani yote huitwa presha. Mzee ambaye namba yake ya juu imepanda huku ya chini ikishuka ana hadithi tofauti na kijana ambaye namba zake zote mbili ziko juu, na modeli inakuonyesha tofauti hiyo kwa kubadilisha kisanduku kimoja. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mwanafunzi wa uuguzi anapopaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika mwongozo huu, akibadilisha na kutazama mpaka aweze kukisia grafu kabla haijachorwa.

Vilevile ujue modeli isichoweza. Haina umbali ndani yake: inadhani shinikizo ni lile lile kila mahali katika ateri kwa wakati mmoja, kwa hiyo haitaonyesha mawimbi yanayorudi kutoka kwenye matawi ya mishipa, wala ule mkunjo mdogo unaoonekana kwenye grafu halisi valvu ya aota inapofunga. Pia haina mfumo wa neva wa kuurekebisha moyo shinikizo linapobadilika. Ukikuta grafu yako hailingani na ya kitabu katika mambo hayo, usiongeze vigezo kwa papara. Jiulize kama swali lako linahusu mambo hayo.

Mapafu kwa mlinganyo ule ule

Pafu nalo lina ukinzani, wa njia za hewa, na lina unyumbufu, wa tishu zake pamoja na kifua. Kwa mtu mzima mwenye afya, ukinzani ni takriban sentimita 2 za maji kwa kila lita kwa sekunde, na unyumbufu ni takriban lita 0.1 kwa kila sentimita ya maji. Ukizidisha viwili hivyo, zao ni sekunde 0.2. Kutoa pumzi kwa utulivu ni tendo la pafu kujirudisha lenyewe, na baada ya muda ulio mara tatu ya zao hilo, yaani sekunde 0.6, ni asilimia 5 tu ya hewa iliyovutwa ambayo bado haijatoka.

Mfanye mgonjwa wako wa kubuni awe na pumu kali: pandisha ukinzani hadi 10, na zao linakuwa sekunde 1. Akipumua mara 15 kwa dakika, akiwa na sekunde 3 za kutoa pumzi, bado inabaki asilimia 5, na hakuna tatizo. Akipumua mara 30 kwa dakika na kubakiwa na sekunde 1 tu ya kutoa pumzi, asilimia 37 inabaki ndani, pumzi inayofuata inaongezwa juu yake, na mrundikano unatulia pale ambapo mililita 290 hivi zimenaswa kwa kila pumzi ya mililita 500. Ndiyo sababu madaktari wanaomhudumia mgonjwa wa pumu aliye kwenye mashine ya kupumulia huipunguza kasi ya mashine na kumwachia muda mrefu wa kutoa hewa, jambo ambalo kwa asiyejua hesabu hii linaonekana kama kumnyima pumzi mtu anayeihitaji.

Hewa ya ukaa ikiwa kipimo cha pumzi

Mwili hauhesabu pumzi. Unachungulia hewa ya ukaa iliyomo kwenye damu. Uhusiano wake ni huu: shinikizo la hewa ya ukaa kwenye damu ya ateri ni 863 (namba ya kulinganisha vipimo) mara kiasi cha gesi hiyo kinachozalishwa (lita 0.2 kwa dakika kwa aliyetulia), gawanya kwa hewa inayofika kwenye vifuko vya mapafu kwa dakika. Maneno “inayofika kwenye vifuko” yana uzito, kwa sababu katika kila pumzi takriban mililita 150 huishia njiani, kwenye koo na mirija, bila kubadilishana gesi.

Chukua mtu anayevuta mililita 500 mara 12 kwa dakika: hewa inayofika ni 350 mara 12, yaani lita 4.2, na hewa ya ukaa ni mmHg 41. Chukua mwingine anayevuta mililita 250 mara 24. Jumla ni lita 6 kwa wote wawili, lakini kwa huyu wa pili inayofika ni 100 mara 24, lita 2.4 tu, na hewa ya ukaa inapanda hadi 72, kiwango cha hatari. Kuhesabu pumzi za mgonjwa bila kutazama kina chake kunaweza kupotosha kabisa.

Mlinganyo huo huo unamhusu mpanda Kilimanjaro. Oksijeni katika vifuko vya mapafu ni 0.21 mara (shinikizo la anga toa 47 za mvuke wa maji uliomo mapafuni), toa hewa ya ukaa iliyogawanywa kwa 0.8. Ufukweni Tanga, shinikizo likiwa 760 na hewa ya ukaa 40, jibu ni karibu 100. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na huko shinikizo la anga ni karibu nusu ya lile la pwani. Weka 380, na ukiiacha hewa ya ukaa kwenye 40, oksijeni inabaki 20, kiasi ambacho mtu hawezi kubaki nacho akiwa na fahamu. Mpandaji hana njia isipokuwa kuhema. Akizidisha maradufu hewa inayofika mapafuni, hewa ya ukaa inashuka hadi 20 na oksijeni inapanda hadi 45.

Ucheleweshaji, na pumzi inayosimama na kurudi

Tumefikia sehemu ambayo akili peke yake haitoshi na jedwali linahitajika kweli. Damu iliyosafishwa mapafuni huchukua muda kufika kwenye vipokezi vya shingoni na kwenye ubongo, ambavyo ndivyo vinavyoamua pumzi ijayo iwe kubwa au ndogo. Kwa hiyo uamuzi wa sasa unategemea habari za sekunde kadhaa zilizopita. Mwaka 1977 Michael Mackey na Leon Glass, wakiwa Kanada, walichapisha mlinganyo wenye ucheleweshaji wa aina hii na kuonyesha kwamba unaweza kuzaa mtindo wa upumuaji ambao John Cheyne alikuwa ameueleza mwaka 1818 na William Stokes mwaka 1854: pumzi zinakua, zinafifia, zinakoma kabisa kwa muda, kisha zinaanza tena. Hapa tutatumia umbo lililorahisishwa.

Acha y iwe ni kiasi ambacho hewa ya ukaa imepita kiwango chake cha kawaida, kwa mmHg. Kila sekunde, y inapungua kwa k mara y ya zamani, ambapo k ni wepesi wa mwili kuitikia. Pia kuna mpaka wa chini: mtu hawezi kupumua chini ya sifuri, na pumzi ikisimama kabisa, katika modeli hii hewa ya ukaa hupanda kwa mmHg 6 kwa dakika, yaani 0.1 kwa sekunde. Katika karatasi mpya ya jedwali weka k katika kisanduku D1. Jaza 1 katika B2 hadi B12, kisha katika B13 andika =B12-MAX(-0.1,$D$1*B2) na uiburute hadi mstari wa 600. Kila mstari ni sekunde moja, na fomula inatazama sekunde 10 nyuma ya mstari uliotangulia. Kwa ucheleweshaji wa sekunde 20, jaza 1 hadi B22 na uanzishe fomula katika B23 kwa =B22-MAX(-0.1,$D$1*B2).

Fanya majaribio manne. Kwa k ya 0.04 na ucheleweshaji wa 10, y inarudi sifuri bila kuyumba kunakoonekana. Huyu ni mtu mwenye afya. Ongeza ucheleweshaji peke yake hadi 20: inayumba kidogo na kutulia. Rudisha ucheleweshaji 10 na upandishe k peke yake hadi 0.1: inayumba zaidi, na baada ya mizunguko michache inatulia pia. Sasa weka vyote viwili, k ya 0.1 na ucheleweshaji wa 20. Haitulii tena. Mzunguko mmoja unachukua kati ya sekunde 80 na 90, na ndani yake kuna karibu nusu dakika ambayo pumzi imesimama.

Kanuni inayotawala ni zao la k na ucheleweshaji. Likiwa chini ya 0.37, y inarudi moja kwa moja. Kati ya 0.37 na 1.57 inayumba na kuzimika, likipita 1.57, yaani nusu ya pai, myumbo haukomi. Majaribio yako manne yana 0.4, 0.8, 1.0 na 2.0. Kasoro mbili, ambazo kila moja peke yake mwili uliimudu, zimeungana na kuvuka mpaka, na mtindo mpya kabisa umejitokeza bila kiungo chochote cha tatu kuharibika.

Kilichobaki ni kuyaunganisha majedwali mawili. Ikiwa ucheleweshaji wa sekunde 10 unatokea damu inapotiririka kwa mililita 84 kwa sekunde, basi kati ya mapafu na vipokezi kuna mililita 840 za kupitiwa. Badala ya kuandika ucheleweshaji kwa kukisia, ukokotoe: 840 gawanya kwa mtiririko wa wastani wa jedwali la kwanza. Punguza pigo la moyo kutoka mililita 70 hadi 35, kwa kubadilisha F3 kutoka 233 hadi 117, na ucheleweshaji unakuwa sekunde 20. Ndiyo hali ya mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma vya kutosha, na ndiyo maana pumzi ya Cheyne na Stokes huonekana mara nyingi kwa wagonjwa wa aina hiyo, hasa wakiwa usingizini. Shinikizo katika jedwali la kwanza nalo litaporomoka hadi nusu, jambo ambalo kwa mgonjwa halisi kwa kawaida halitokei kwa kiwango hicho, kwa sababu mwili huibana mishipa midogo ili kulifidia. Pandisha R hadi 2.2 na utazame wastani ukirudi karibu na 93.